Lemayian Hakuchanganya Maiti

Hapana, Kevo. Umekosea mara mbili, na nitakujibu mara mbili, na hutanikatiza juu hii ni karatasi.

Siku ile ya chai ya kuniaga, mbele ya vijana wote wa shifti, ulisema mtu akikufa ameisha, kama balbu imeungua, na mtu anayebisha hodi kwa mlango wa mochari akili yake imepinda. Hiyo ndiyo ya kwanza. Halafu ukaongeza, "Si ni kama yule Lemayian wenu? Alikuwa anasalimia maiti na bado akawachanganya." Watu wakacheka. Mimi nikaweka kikombe chini nikatoka nje, juu ningebaki ningekurushia ile chai, na ilikuwa ya moto.

Sasa nimepoa. Kidogo. Hii karatasi naomba ibandikwe pale ndani ya mlango wa stoo, mahali glavu zinawekwa, ndio kila mtu akienda kuchukua glavu asome.

Najua mnacheka pia kustaafu kwangu. Mtu wa miaka thelathini na nne anastaafu aje? Meno yangu yote bado yako. Lakini formalini imenikula kifua, daktari akaniambia nichague kazi ama mapafu, na mapafu ndiyo nilizaliwa nayo. Shule niliachia Form Two. Kile kingine najua nilijifunza mwenyewe, hasa kwa kitabu kimoja cha mwili wa binadamu nilichonunua sokoni Kitengela, kimetandazwa chini kati ya viatu vya mitumba. Kurasa za figo zilikuwa zimeng'olewa. Mpaka leo figo nazijua kwa mikono tu.

Nilianza mapema miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na saba. Mama alisikia kwa kanisa kwamba kuna hospitali huko Kajiado inatafuta kijana wa usafi, akaniamsha. Mimi nilidhani ni kukata nyasi. Nilipanda gari kutoka Kitengela na slasha yangu nimeifunga na gunia, nikafika nikaonyeshwa nyumba ndogo ya mawe nyuma kabisa, karibu na mti wa mwiba. Hapo nje alikuwa amekaa mzee mrefu, mwembamba, koti la kijani la hospitali na ndala. Huyo ndiye Mzee Lemayian. Aliangalia slasha, akaichukua mkononi mwangu, akaiegemeza kwa ukuta.

"Hapa nyasi hakuna, layioni."

Layioni kwa Kimaasai ni kijana ambaye bado hajatahiriwa. Nikawaka. Nikamwambia mimi ni Mkamba wa Kitengela, nimetahiriwa, hospitalini, na baba alishuhudia.

"Kwa mwili," akasema. "Kwa kichwa bado. Kuja."

Akaenda kwa ule mlango wa chuma, mnaujua, bado ni ule ule. Akagonga mara tatu na kidole. Akafungua kidogo, akasema, "Sopa." Halafu akasimama. Mimi nyuma yake nasikia baridi inatoka na ile harufu, naona miguu imepangwa, na huyu mzee amesimama tu.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Ipa."

Hiyo ndiyo jibu la sopa, salamu ya Kimaasai, kila mtu Kajiado anajua. Nikamwambia, "Mzee, hawa watu wamekufa."

"Naona."

"Sasa watajibu?"

"Hawajawahi." Akavaa glavu pole pole, kidole kwa kidole. "Lakini wewe umekuja asubuhi hii, umenipata nimekaa, na hukunisalimia. Mimi niko hai. Kati yako na hawa, nani amekosa adabu?"

Siku ya pili nilianza na kumsalimia yeye.

Wacha niwaambie kitu kuhusu huyu mzee ndio mjue uzito wake. Wamaasai wa umri wake hawakuwa watu wa maiti. Zamani mtu wa kawaida hakuzikwa, alipelekwa nje, porini, na boma likahama. Jina lake halikutajwa tena. Na mtu ambaye ameshika maiti, watu walimpitia mbali. Lemayian alishika maiti kila siku. Kwao alikuwa na kikombe chake peke yake, kimefungwa kamba nyekundu ili mtu asikosee. Wazee wa rika lake walimsalimia na kichwa, mkono hapana. Nilimuuliza ni kwa nini alichukua kazi kama hii. Alinijibu, "Wote wakikataa, maiti watajiosha?"

Kwa kuwasalimia hakuishia hapo. Alikuwa anawaambia kila kitu kabla hajakifanya. "Sasa naosha mkono wa kulia." "Sasa nakugeuza, shika pumzi." Hiyo ya kushika pumzi ilikuwa utani wake, na aliisema bila kucheka, kila mara, miaka yote.

Mimi nilikuwa na maswali. Si woga, maswali. Unamwosha mama ambaye juzi alikuwa anauza mboga stejini, sura ni ile ile, vidole bado vina weusi wa managu, na mwenyewe hayuko. Ameenda wapi? Nilimuuliza pasta mmoja aliyekuja kuombea mwili. Alinieleza mbinguni mpaka rangi ya milango, lakini chumba chetu alikataa kuingia, akaombea dirishani. Nilimuuliza daktari. Alisema moyo unasimama, damu inaacha kufika kwa ubongo. Nikamwambia, "Daktari, hiyo najua, mimi ndiye nawabeba. Nauliza baada ya hapo." Akasema ana wagonjwa wanamngoja.

Nikamuuliza Lemayian. Tulikuwa tunakula githeri pale nje. Akatafuna mpaka akamaliza.

"Mbuzi anajua nini?" akaniuliza.

"Mbuzi? Nyasi. Maji. Mvua."

"Na mchungaji wake anamjua. Na fisi anamjua. Krismasi, je?"

"Krismasi hajui."

"Hajui. Huwezi hata kumweleza. Kichwa chake hakina mahali pa kuweka Krismasi. Lakini Krismasi inakuja."

"Kwa hivyo sisi ni mbuzi?"

"Hapana. Mbuzi hasumbui mchungaji na maswali wakati wa chakula."

Kevo, hiyo ndiyo jibu yangu ya kwanza kwako. Wewe unasema hakuna kitu. Pasta alisema kuna milango. Nyote wawili mnaongea kama mmeenda na mkarudi. Lemayian ndiye mtu wa pekee nilimsikia akisema kichwa chake hakitoshi, na bado akabisha hodi.

Sasa ya pili. Hii skizeni vizuri.

Ukianza kazi kule unafundishwa mambo mawili kabla ya yote. La kwanza, lebo ya kidole cha mguu inaandikwa na penseli. Penseli haiogopi maji. Biro inalia. La pili, hakuna mwili unatoka mpaka mtu wa familia aangalie uso na ataje jina. Lemayian alinifundisha hayo wiki ya kwanza. Ile ya penseli niliona kama ya watoto wa nasari. Mimi nilikuwa na biro, inaning'inia mfukoni, nilijiona karani. Akiangalia naandika na penseli, akigeuka natumia biro.

Kwa Wamaasai wazee lile jambo la pili lilikuwa gumu, juu hawataji jina la marehemu na uso hawaangalii. Lemayian alikuwa na njia yake. Alikuwa anawauliza alama. "Niambie kovu liko wapi. Niambie jino gani halipo." Mzee anakataa jina lakini kovu anakwambia mpaka lilitoka kwa simba gani. Halafu Lemayian anaenda kuangalia mwenyewe, hatoi mtu mpaka aone kovu kwa macho.

Ikaja ile mvua ya El Niño. Nyinyi mlikuwa wadogo. Mito ilikula barabara, huko Kitengela udongo mweusi ulikuwa unashika gari kama gundi, familia zikashindwa kuja, na sisi tukajaa. Paa likavuja. Maji yakadondoka kwa shelfu za chini usiku kucha na mchana kutwa. Siku moja Lemayian akatumwa mjini kufuata formalini, nikabaki peke yangu. Asubuhi hiyo akaja Mzee Sironka na vijana wawili wa ndugu yake, wametembea kutoka upande wa Bisil, wamelowa mpaka shingo. Alikuwa amekuja kuchukua kaka yake.

"Taja jina, mzee," nikamwambia.

Akageuza uso. "Ni yule wa kwetu."

"Wa kwenu ni nani? Hapa niko na watu kumi na moja."

"Ni mzee."

"Wazee niko nao watatu!"

Nikaenda kusoma lebo. Biro. Wino umeenda wote, kipande cha karatasi kimebaki na doa la bluu. Sasa hapo Lemayian angeuliza kovu. Mimi nilikuwa nimekasirika, na mvua inanipigia kelele juu ya mabati, na hawa vijana wawili wananiangalia kama mimi ndiye nimeua. Nikafunua uso wa kwanza. Mzee mweusi, mkavu, masikio yametobolewa, ndewe zinaning'inia mpaka karibu na shingo. Nikasema moyoni, masikio haya ni ya nani kama si ya Mmaasai? Wale wawili wengine sikuwafunua. Nikafunga shuka, nikawapa.

Nyinyi wa siku hizi hamjui, lakini Wakikuyu wa zamani pia walitoboa masikio hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimekulia Kitengela katikati yao na sikuwahi kufikiria, juu wale nilijua walikuwa vijana wa suti. Siku nne baadaye barabara ikakauka kidogo, akaja Mama Wangari kutoka Kitengela, na pickup, na shada la maua, na kwaya nzima ya kina mama. Mzee wa tatu alikuwa ameshachukuliwa na watu wake, nikamfunulia yule aliyebaki.

Aliangalia kidogo tu. "Huyu si wangu."

"Mama, angalia vizuri. Kifo hubadilisha..."

"Kijana, nimelala na yule mtu miaka arobaini na mbili. Huyu si wangu. Wangu yuko wapi?"

Lemayian alikuwa nyuma yangu. Akainama, akashika ile lebo yenye doa la bluu, akaiangalia, akaniangalia mfukoni, pale biro ilikuwa. Akatoa kofia, akamwambia mama, "Ni mimi. Nimekosea mimi."

Nikafungua mdomo. Akanikanyaga mguu, na gumbuti, kwa nguvu.

Baada ya hapo ni karatasi za korti na afisa wa afya na polisi, sitawachosha. Tulienda mpaka boma la Mzee Sironka, sisi na Mama Wangari na wanawe. Kaburi lilikuwa limefunikwa mawe. Njiani nilikuwa nimejipanga kupigwa. Kuambia Mmaasai mzee kwamba kaburi linafunguliwa, na kwamba kaka yake bado yuko kwa friji Kajiado, ni kama kumuua kaka mara ya pili. Lemayian alimwambia mwenyewe, kwa Kimaasai, amesimama mbali kidogo vile watu wa kazi yetu husimama. Mzee Sironka alisikiza mpaka mwisho. Halafu akakaa chini, akatupa mgongo, ndio asione kuchimba.

Walipofungua sanduku, Mama Wangari akasogea. Bwana yake alikuwa amepakwa mafuta, na watu waliogeuza macho pembeni wasimwone, uso unang'aa. Mkono wa kulia ameshikishwa nyasi mbichi, sasa zimekauka. Na miguuni, viatu vipya vya ngozi, vya Kimaasai, havijawahi kukanyaga chini.

"Nani amemvalisha viatu?" akauliza.

Mzee Sironka akajibu bila kugeuka. "Ni sisi, mama."

"Kwa nini?"

"Zamani sisi tulisema mtu akikufa ameisha kama ng'ombe. Sasa hawa watoto wangu wa kanisa wanasema hajaisha. Mimi niko katikati, sijui. Kama ameisha, viatu vimepotea tu, ni ngozi. Lakini kama hajaisha, atatembea pekupeku kwa miba?"

Mwanawe mkubwa, wa suti, akainama ili avitoe vile viatu, anasema haya si mambo ya Kikristo. Mama akampiga mkono, pa!

"Wacha. Baba yako miguu ilimuuma miaka kumi, na nyinyi hakuna mmoja alimletea viatu."

Kwa kifupi, alizikwa mara ya pili na viatu vyake, huko Kitengela, na padre hakuambiwa, na kaka ya Mzee Sironka akatolewa kwa friji, safari hii kwa kovu. Lakini kabla hatujaondoka pale, Mzee Sironka aliita tena, bado ametupa mgongo.

"Mama. Kuna kitu kinanisumbua. Tulimwambia mtu wako awasalimie wazee wetu huko. Tulimpa salamu nyingi, tukidhani ni ndugu. Sasa amefika huko mgeni, na salamu za watu hawajui. Watampokea aje?"

Mama Wangari alikuwa analia, na hapo hapo akaanza kucheka. "Mzee, usijali. Yule mtu alikuwa anaongea na kila mtu. Kwa sasa ameshajua mpaka ng'ombe zao kwa majina."

Mzee Sironka akacheka pia, mgongo wote ukatingika. Hata yule polisi. Mimi nilisimama hapo na sepetu nikijiuliza: huyu mama amesoma Biblia maisha yake yote, huyu mzee aliamini mtu ni kama ng'ombe, na hakuna mmoja wao anajua hizo salamu zimefika wapi. Na wote wawili wametulia kuliko mimi. Hiyo bado nafikiria. Nimesoma vitabu, sijapata mahali wameandika.

Tukarudi. Wakubwa wakaita Lemayian. Nilimfuata mpaka kwa mlango, nikamwambia naingia kusema ukweli, ni lebo yangu, ni biro yangu, ni hasira zangu. Akanishika shati.

"Mimi nimebakisha mwaka mmoja niende nyumbani. Nikienda leo, wewe utabaki uwasalimie. Ukienda wewe, baada ya huo mwaka ni nani atabaki? Yule pasta wa dirishani?"

"Watasema ulichanganya maiti, Mzee. Jina lako litaharibika."

"Jina langu nikifa halitatajwa. Liharibike tu."

Akaingia. Akatoka bila kazi. Na mimi nikanyamaza, Kevo. Nilinyamaza siku hiyo, nikanyamaza miaka iliyofuata, wakuu wapya wakaja, vijana wapya wakaja, na kila mgeni akifundishwa lebo anaambiwa, "Usiwe kama Lemayian." Nilikuwa tayari kupigana na mtu yeyote kwa sababu yake, na niliwahi kupigana, muulizeni yule dereva wa zamani wa ambulensi na jino lake. Lakini kusema sentensi moja, aliyekosea ni mimi, nilishindwa. Ngumi ni rahisi.

Mzee mwenyewe aliletwa kwetu miaka michache iliyopita, mwisho wa kiangazi, ng'ombe zilipokuwa zinakufa barabarani. Kijana mmoja wa kwao alimleta na pickup, akabaki nje kwa ule mti wa mwiba. Nikamwuliza jina, juu sheria ni sheria. Akageuza uso. Nikamwambia, "Usisumbuke. Mimi namjua." Nikamwuliza kovu hata hivyo. Akasema goti la kushoto. Nikaangalia, lilikuwepo.

Niligonga mlango mara tatu. Nikasema sopa. Nikangoja.

Bomba lilikuwa linadondoka. Friji inanguruma. Nilingoja kuliko siku zote, sijui ni dakika ngapi, na nilikuwa nimeweka masikio kabisa, kama mtu ameahidiwa. Halafu nikaanza kazi. "Naosha mkono wa kulia, Mzee." "Nakugeuza, shika pumzi." Nikamwambia kuhusu biro, ingawa alikuwa anajua. Nikamwuliza kama kuna kitu huko, anipe hata dalili ndogo, mimi si mtu wa kusumbua. Nilimwangalia uso nikitafuta. Ulikuwa uso wa mtu ambaye amemaliza kutafuna na bado hajaamua kama atakujibu.

Lebo niliandika na penseli. Nilitaka awe na viatu vipya, lakini kijana wake alikuwa amevileta tayari, kwa karatasi ya gazeti.

Basi ndio hiyo. Kwao jina lake hawalitaji. Hiyo ni heshima yao na siwezi kuwafundisha. Lakini hapa kazini mnalitaja kila wiki kwa ubaya, kwa hivyo mimi nalitaja kwa haki: Lemayian hakuchanganya maiti. Aliyechanganya ni mimi. Mkimfundisha mgeni lebo, semeni, "Usiwe kama Mutiso." Nimeandika na penseli ndio maji yasiitoe.

Na wewe Kevo, moja ya mwisho. Siku ile ya chai, baada ya kutoka na hasira, nilikumbuka gumbuti zangu, nikarudi kwa njia ya nyuma. Wengine walikuwa bado wanacheka huko ndani. Wewe ulikuwa umeitwa kupokea mwili, uko peke yako na machela mbele ya ule mlango wa chuma. Hukuniona. Uliangalia kushoto, ukaangalia kulia, halafu ukagonga mara tatu na kidole. Na hukufungua mara moja. Ulisimama.

Kama mtu akikufa ameisha, ulikuwa unangoja nani?